Kilifi ina urithi wa dunia. Jirani yake anapata nini?

*Magofu ya Gede yameingia katika orodha ya UNESCO na vigango vilivyoibwa, nguzo za kuwaheshimu marehemu, vimeanza kurudi kutoka Marekani. Hata hivyo, wanaoishi ubavuni mwa historia hii bado wanaiona kuwa mali ya serikali.*

Watoto wa shule ya msingi kutoka Ganze wamekizunguka kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu wa Gede. Kiongozi amewaonya wasiegemee ukingo, lakini shingo zimerefuka vilevile. Chini kuna giza na majani makavu. Maji hakuna.

Kiongozi anawaeleza kwamba wenyeji wa mji huu walikichimba kisima hiki, kisha maji yalipozidi kushuka wakakichimba tena, chini zaidi. Watoto wa Ganze hawahitaji kufafanuliwa mengi. Kwao mvua ni ya kusubiriwa, na kisima kinachokauka wanakijua kwa uzito wa mtungi waliotembea nao maili kadhaa. Msichana mmoja anauliza kama watu wa Gede walihama kwa sababu ya kiu. Kiongozi anamwambia hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa, pamoja na vita na misukosuko ya karne ya 16.

Hivi ndivyo ziara ya makavazi inavyopaswa kuwa: mtoto anakutana na watu waliokufa miaka 400 iliyopita na kugundua kwamba taabu yao ni taabu yake.

Nje ya lango hali ni nyingine. Miongoni mwa wauzaji wa madafu na mabuyu wapo waliozaliwa na kukulia papa hapa na hawajawahi kuingia ndani. Ukiwauliza, wanakujibu kwa utulivu kwamba kule ni kwa wageni na serikali. Jibu hilo linapaswa kumsumbua kila anayehusika na turathi za Kaunti ya Kilifi, kwa sababu historia ya karibuni ya kaunti hii imeonyesha kinachotokea urithi unapokosa jirani wa kuulinda.

Mji uliopewa mwenyewe asiye wake

Julai 2024, katika kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia kilichofanyika New Delhi, India, Gede iliingizwa katika orodha ya UNESCO. Likawa eneo la nane la Kenya kupata hadhi hiyo.

Mji wenyewe ulianza takriban karne ya 11 au ya 12, ukanawiri katika karne ya 15, na kufikia mwanzo wa karne ya 17 ukawa umeachwa. Msitu uliumeza. Leo mibuyu na mikuyu imesimama katikati ya vyumba, mizizi imekumbatia kuta za matumbawe, na kima wanaruka kutoka ukuta hadi ukuta wakimtazama mgeni kama yeye ndiye amevamia.

Anayetaka kuuelewa mji huu asikimbilie jumba la mfalme. Aanze na nyumba za kawaida. Atazame vidaka ukutani, vyoo, mifereji ya kutolea maji na ua wa kupokelea wageni. Kisha aende Msikiti Mkuu ausome mlango: juu ya upinde wa mlango mmoja umechongwa mkuki. Aliyeuchonga alijua kusali kuelekea kibla na alijua mkuki una maana gani kwa watu wa pwani hii.

James Kirkman, aliyechimbua Gede kuanzia 1948, alifanya kazi kubwa isiyopingika. Alipata vyombo vya kauri vya China, shanga na sarafu, na akapata kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Lakini kitabu alichokitoa 1954 kiliuita mji huu mji wa Waarabu. Kwa miongo mingi watoto wa pwani walifundishwa kwamba kilichojengwa kwa mawe kililetwa na wageni kwa jahazi.

Wanaakiolojia waliofuata, akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba, waliivunja hoja hiyo kwa ushahidi wa miji iliyokua kutoka vijiji vya Waafrika wa hapa hapa. Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature, Kusimba akiwa mmoja wa watafiti, ulichunguza mifupa kutoka makaburi ya kale yakiwemo ya Mtwapa. Ulionyesha kwamba mama za watu hao walikuwa karibu wote Waafrika, na kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 akina baba wengi walitoka Uajemi na kwingineko Asia. Watu wa miji hii, basi, walitokana na ndoa za bandarini, na nyanya zao ni wa hapa.

Msomaji akijiuliza haya yana uhusiano gani na muuza madafu wa langoni, ni huu: mtu aliyeambiwa miaka 70 kwamba nyumba si ya babu zake hawezi kulaumiwa kwa kutoiingia.

> «Mtu aliyeambiwa miaka 70 kwamba nyumba si ya babu zake hawezi kulaumiwa kwa kutoiingia»

Msalaba wa Mreno, kuku wa Mekatilili

Malindi ndiko mgongano huu wa historia ya wageni na ya wenyeji unakoonekana kwa macho. Karibu kila mgeni hupelekwa kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, iliyojichomoza juu ya mwamba wa bahari na msalaba wake wa jiwe la Lisbon. Mreno huyo alitia nanga hapa Aprili 1498. Alikuwa amepokewa vibaya Mombasa, na mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, akamkaribisha na kumpa nahodha wa kumfikisha India. Karibu na hapo kuna kanisa dogo la Wareno ambalo historia yake inahusishwa na Francis Xavier, aliyepita Malindi 1542 akielekea India.

Sina ugomvi na nguzo. Ni sehemu ya historia yetu na mwamba wake unaliwa na mawimbi, unastahili kulindwa. Ugomvi wangu ni kwamba ziara nyingi huishia hapo.

Katika mji huohuo ipo bustani yenye jina la Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mama huyu wa Kigiriama alizunguka vijiji akicheza ngoma ya kifudu na kuwalisha watu kiapo wasilipe kodi ya nyumba wala kutoa vijana wao kufanyia Waingereza kazi. Wagiriama husimulia jinsi alivyomletea ofisa wa Kiingereza, Arthur Champion, kuku na vifaranga vyake, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa. Mekatilili akamwonya kwamba hivyo ndivyo atakavyofanywa akigusa watoto wa Wagiriama.

Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola na kuhamishiwa Kisii. Walitoroka na kurudi pwani kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, kitovu cha ibada na utawala wa Wagiriama.

Kila mwaka wazee na wanawake wa Kigiriama hukusanyika Malindi kumkumbuka. Lakini mgeni akiuliza safari ya siku moja itakayomtoa kwenye bustani hiyo, kumpeleka Kaya Fungo na kumfikisha kaburini kwa Mekatilili huko Bungale, Magarini, atapata shida ya kumpata wa kumpeleka. Wa kumpeleka nguzoni watamgombania.

Yaliyobaki njiani

Kilifi ina mengi ambayo msafiri wa barabara ya Mombasa hadi Malindi huyapita kwa mwendo wa gari.

Pale Mtwapa pana Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 uliokaliwa kwa takriban miaka 100 tu kisha ukaachwa. Msikiti wake mmoja uko ufuoni kabisa, na bahari inazidi kuusogelea. Kule Kilifi, kusini mwa hori, magofu ya Mnarani yapo juu ya kilima, na kaburi lake la mnara linatazama maji yaliyovukwa kwa feri mpaka daraja likafunguliwa 1991.

Rabai, upande wa bara, kuna makavazi ndani ya jengo la kanisa lililojengwa na wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliohamia huko 1846. Rabai ndiko Rebmann alikotoka 1848 akauona Kilimanjaro, akaandika kuhusu theluji na kudhihakiwa Ulaya. Rabai ilikuwa pia kimbilio la watumwa waliotoroka na walioachwa huru, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari kubwa zaidi ya mahali hapo. Ingepaswa kuwa ya kwanza mgeni anapoingia mlangoni.

Miti iliyosafirishwa kama bidhaa

Sasa tuje kwenye jeraha.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha heshima cha Wagiriama ambacho kuingia kwake kuligharimu karamu na mali. Ina kichwa, mara nyingi cha mviringo, na kiwiliwili kilichochongwa pembetatu mstari baada ya mstari. Vingine humzidi mtu kwa urefu. Husimamishwa bomani, na roho ya marehemu huheshimiwa hapo. Kikishasimikwa hakiondolewi, hata familia ikihamia shamba jingine, kigango hubaki kilipo.

Desturi hiyo ya heshima ndiyo iliyowarahisishia wezi kazi. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango viling'olewa usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago kwa pesa kidogo, kisha vikaonekana Marekani kwa maelfu ya dola kama sanaa ya Kiafrika. Waliong'oa mara nyingi walikuwa vijana wa vijiji hivyohivyo, wasio na kazi.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja karibu na Kaloleni akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka mingi ilipita kabla yeye na mwenzake Linda Giles kuvitambua ndani ya makavazi ya Marekani, kimoja jimboni Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Vigango hivyo vikarudishwa kwa familia 2007. Mzee wa picha alikuwa amekwisha kufariki.

Makavazi ya Denver ya Maumbile na Sayansi yalikabidhi vigango 30 mwaka 2014. Vilifika Kenya 2019, baada ya mvutano wa miaka kuhusu ushuru wa forodha. Yaani Kenya ilitaka kutoza kodi miti ya makaburi yake yenyewe, iliyoibwa kwake. Ninaiandika sentensi hii kwa uchungu.

Vingi katika hivi havijulikani vilitoka boma gani. Hakuna aliyevipiga picha, hakuna daftari lililoandikwa. Vimerudi nchini bila kurudi nyumbani.

> «Vimerudi nchini bila kurudi nyumbani»

Nani mwenye mali?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa majukumu. Majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yalibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Makavazi, kama ilivyo kwa maktaba na shughuli za kitamaduni, yakatajwa katika majukumu ya kaunti. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, iliyotangulia Katiba hiyo, inaipa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (NMK) mamlaka juu ya maeneo yaliyotangazwa rasmi. Hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia.

Upande wa taifa una hoja yenye uzito. Ukarabati wa ukuta wa matumbawe unahitaji fundi anayejua chokaa, kwa kuwa saruji huuharibu; na wataalamu wa namna hiyo ni wachache nchini. Pesa za tiketi za sehemu chache zinazotembelewa sana ndizo zinazosaidia kulipa walinzi wa magofu yasiyofikiwa na mtu. Kila kaunti ikichukua chake, Gede itaishi na Mnarani itakufa.

Upande wa kaunti nao hauzungumzi bure. Kaunti ndiyo inayotengeneza barabara za vijijini, inayozoa taka za mji wa watalii, inayoombwa maji na zahanati na watu wanaoishi kando ya magofu. Tiketi inalipiwa kwenye mfumo wa serikali ya kitaifa, na anayeishi ng'ambo ya ua haoni hata shilingi moja yenye jina lake.

Nikipima pande hizi mbili, naona zote zinapigania funguo na hakuna anayemtaja jirani. Kuhamisha magofu kutoka ofisi ya Nairobi hadi ofisi ya Kilifi mjini hakutamfanya muuza madafu aingie ndani. Kinachohitajika ni mkataba ulioandikwa: NMK ibaki na utaalamu na ulinzi wa majengo, na sehemu ya pato la lango iende moja kwa moja kwa vijiji vinavyopakana, kwa hesabu itakayobandikwa langoni ili kila mtu aisome.

Somo la vipepeo

Wanaosema hili haliwezekani watembee hatua chache tu ndani ya uwanja huohuo wa Gede, hadi mradi wa Kipepeo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wengi waliopakana na msitu wa Arabuko Sokoke walitamani msitu huo ukatwe wapate mashamba. Tembo walikuwa wakiwalia mahindi yao na msitu haukuwarudishia kitu. Mwaka 1993 mradi ukaanza. Wakulima wanafuga vipepeo kwa majani ya msituni, kutoka yai hadi kiwavi, na kiwavi akishajifunga ndani ya ganda lake wanampeleka Gede. Hapo ananunuliwa, anafungwa kwa uangalifu na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, akafungulie mbawa huko.

Mama anayepeleka maganda yale analipwa kwa kila moja. Anajua kwamba mti fulani ukikatwa, kipepeo fulani hapatikani. Hakuna askari wa msitu anayeweza kumzidi macho.

Msitu umepata walinzi hao kwa kuwapa ujira. Kuta za Gede, zilizo umbali wa kurusha jiwe, bado zinategemea ua wa waya.

Kaya: si kila mlango ni wa tiketi

Kuna jambo moja ambalo wapenda utalii wanapaswa kulisikia bila kukasirika. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingia katika orodha ya urithi wa dunia 2008, na mingi ya misitu iliyotajwa iko Kilifi: Giriama, Rabai, Ribe, Kambe, Jibana, Kauma. Mwaka 2009 UNESCO ikaziorodhesha pia mila za kaya miongoni mwa zinazohitaji kuokolewa kwa haraka.

Kwa wazee wa kaya, msitu ni mahali pa kuombea mvua na kuzikia viongozi. Kuna sehemu ambazo hata Mgiriama hakanyagi bila idhini. Wapo wazee wanaoona mgeni anayelipa ni msaada, kama ilivyofanyika Kaya Kinondo huko Kwale, ambako wageni huongozwa na wenyeji na kujifunga kaniki kabla ya kuingia. Wapo wanaohofu kwamba kaya iliyozoea kamera itasahau sala.

Uamuzi huu ni wao. Kaunti na NMK ziwasaidie kulinda mipaka dhidi ya wachimba mawe, wakata miti na wanyakuzi wa ardhi, na suala la mgeni waachiwe wenyewe.

Na wazee hao wenyewe walindwe. Katika kaunti hii mwenye mvi anaweza kuitwa mchawi na kuuawa, mara nyingi kwa sababu ya shamba. Huko Ganze, Kaya Godoma imegeuka kimbilio la wazee walionusurika kuuawa na jamaa zao. Wapo humo watu wanaojua nyimbo za Gohu, majina ya mizimu na mahali vigango viliposimama kabla ya kung'olewa. Makavazi yanayotafuta boma la kigango kilichorudi kutoka Denver yangeanza kwa kuwatuma vijana na daftari waende kuwasikiliza. Kila mzee anayeuawa anaondoka na anwani hizo.

Kabla ya bajeti ijayo

Msomaji wa Kilifi, Mombasa au popote pwani, tembelea kwanza. Gede na Jumba la Mtwana vinafikika kwa matatu na mwendo mfupi, na kiingilio cha Mkenya ni nafuu kuliko cha mgeni. Chukua kiongozi wa hapo, mlipe haki yake. Ukienda kaya, nenda kwa idhini ya wazee, vua viatu ukiambiwa, na kamera iache mfukoni mpaka uruhusiwe.

Boma lako likiwa na kigango, kipige picha leo. Andika jina la marehemu, jina la boma na tarehe, na nakala moja uiache kwa ofisi ya NMK iliyo karibu. Picha moja ya 1985 ndiyo iliyovirudisha viwili nyumbani.

Kisha kuna kazi ya uraia. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla ya hapo serikali ya kaunti inalazimika kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti. Vikao hivyo huwa na viti vingi vitupu. Nendeni, muulize fungu la makavazi ni kiasi gani, na muulize mkataba wa kugawana pato la Gede kati ya taifa, kaunti na vijiji utatiwa saini lini. Msikubali kuondoka bila tarehe.